Mkono Ukishindwa Kalamu: Hati ya Uwakilishi na Mipaka Yake

Wiki iliyopita mtu alikwenda sokoni kwa miguu yake. Leo yuko kitandani, mkono wa kulia haushiki hata kijiko. Maradhi yamesimamisha mwili, lakini shughuli zake hazikusimama. Pensheni inaendelea kuingia benki. Mpangaji wa chumba cha uani anadaiwa kodi ya miezi mitatu. Kesi ya mpaka wa shamba imepangiwa tarehe. Hatimiliki ya kiwanja aliyoihangaikia kwa miaka imetoka, na anayetakiwa kwenda kuichukua ni mwenye jina. Hapo ndipo familia inapoanza kuulizana nani aende.

Nyumba nyingi hulimaliza jambo hilo siku hiyohiyo. Kadi ya benki anapewa mjukuu, namba ya siri inatajwa kwa sauti chumba kizima kikisikia, na simu ya mama yenye pesa zake inahamia kwenye mkoba wa binti. Mwanzoni mpango huo unakwenda vizuri, kwa kuwa huruma bado ni mbichi na kila mtu yupo. Miezi inapita, salio linapungua, na hakuna anayeweza kuonyesha ni fedha ipi mama aliagiza itolewe na ipi mjukuu alijitolea mwenyewe. Benki haina la kusema, maana kwa kumbukumbu zake aliyetoa ni mwenye kadi. Mama anabaki na wasiwasi asioweza kuusema, na mjukuu anaitwa mwizi hata kama kila shilingi ilikwenda kwenye dawa na pampasi.

Si balaa la nyumba chache. Utafiti wa kiharusi uliofanyika wilaya ya Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta kwamba, tofauti za umri zikishasawazishwa, wagonjwa wapya kwa mwaka walikuwa 108.6 katika kila watu 100,000 kule Hai, na 315.9 katika Dar es Salaam. Ongeza waliokatwa mguu kwa kisukari, waliovunjika uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda, walioharibiwa macho na presha ya macho, na wazee ambao magoti yamekataa ngazi. Wengi wao akili iko palepale. Wanajua wanadai nani, wanadaiwa na nani, na ni mtoto gani wa kuaminiwa na fedha. Wanachokosa ni miguu ya kuwafikisha ofisini na mkono wa kutia sahihi.

Kwa watu hao sheria imeweka hati ya uwakilishi: maandishi ambayo kwayo mtu mwenye akili timamu anampa mwingine mamlaka ya kutenda kwa jina lake. Kila ninachosema hapa kinatokana na msimamo mmoja. Hati hii ni ya kuazima mkono, na uamuzi unabaki kwa mgonjwa. Familia inayoiandaa kana kwamba inamstaafisha mzazi imeshapotoka kabla wakili hajafungua kompyuta yake.

Na kupotoka huko kuna chanzo chake. Sisi tumezoea mirathi. Mtu akifariki, ukoo unakaa, muhtasari wa kikao unaandikwa, waliohudhuria wanatia sahihi, na jina la msimamizi linapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Basi mzazi akipooza, familia inarudia hatua zilezile: kikao, muhtasari, sahihi za wajomba na mashangazi, barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa juu yake. Kisha wanakwenda benki na bahasha yao na kushangaa wanapokataliwa. Lakini mali ya mtu aliye hai haigawiwi mamlaka na kikao. Hata ukoo mzima ukikubaliana kwa kauli moja, karatasi hiyo haina nguvu juu ya akaunti ya mtu anayepumua. Barua ya mtaa nayo inathibitisha kwamba fulani ni mkazi na fulani ni mwanawe, basi. Anayeweza kutoa mamlaka ni mmoja tu, naye yuko chumbani, mara nyingi hata hajaitwa kwenye kikao chenyewe.

Kwa Tanzania Bara, mzizi wa uwakilishi uko kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika sehemu inayohusu wakala na mtu anayemtuma. (Zanzibar ina mahakama zake na sheria zake katika mambo haya, aliye Unguja au Pemba amwone wakili wa huko.) Sehemu hiyo imebeba kinga ambazo familia nyingi hazizijui. Mwakilishi anatakiwa kutoa hesabu sahihi anapodaiwa na aliyemtuma. Kazi aliyokabidhiwa yeye hawezi kumwachia mwingine apendavyo. Akijiuzia mwenyewe mali ya aliyemtuma kwa kificho, aliyemtuma anaweza kuukataa mkataba huo. Kwa hiyo kijana anayesema "baba alishanipa karatasi, sihitaji kumuuliza mtu" ameielewa karatasi yake kinyume kabisa.

Kabla ya kukimbilia hati, hata hivyo, ni vizuri kuuliza kama inahitajika. Mara nyingi haihitajiki. Mtu ambaye mkono wa kulia umekufa ganzi anakataliwa benki kwa sababu sahihi yake ya sasa hailingani na ile iliyo kwenye faili. Dawa ya hapo ni kuiomba benki ibadilishe kumbukumbu, aweke sahihi mpya ya mkono wa kushoto au dole gumba, na afisa aje nyumbani kumshuhudia kama hawezi kufika. Ombi hilo liandikwe na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa, kwa sababu ombi la mdomo kaunta husahaulika kaunta. Pengine akaunti ya pamoja inatosha, ingawa hiyo nayo ina mtego: mzazi akifariki, warithi wataanza kubishana kama fedha zilizobaki ni za marehemu au za mtoto ambaye jina lake limo.

Mahakamani pia kuna mlango ambao wachache wanaujua. Sheria ya Mahakama za Mahakimu inairuhusu Mahakama ya Mwanzo, katika shauri la madai, kumkubali ndugu au mtu wa nyumba moja na mdaawa asimame badala yake, mdaawa mwenyewe akiomba. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi nayo inamruhusu mtu kuwakilishwa na ndugu au mwanakaya mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mama mwenye kesi ya mpaka wa shamba anaweza kumtuma mwanawe huko bila kumkabidhi mamlaka juu ya shamba lenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa sana. Kumsemea mtu barazani hakumpi msemaji ruhusa ya kuuza kinachogombewa.

Ikishaonekana kwamba hati inahitajika kweli, mambo mengi yanaamuliwa katika robo saa ile ya kutia sahihi. Nilishuhudia robo saa hiyo mjini Tanga. Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofa ya tatu, jengo halina lifti, na mzee alikuwa ameketi nyuma ya bajaji, upande wa kulia umelegea. Wakili, mwanamke wa makamo, aliteremka na faili lake. Kwanza aliwaomba watoto wote watatu wasogee hadi kwenye kivuli cha duka la pili. Wakasita, wakaenda. Kisha akainama kwenye bajaji.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, leo tumekuita kwa jambo gani?"

Ulimi wa mzee ulikuwa mzito. Akalitafuta neno, akalipata: "Kodi. Ya nyumba."

"Nani akuchukulie?"

Akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto kwa binti yake wa mwisho.

"Na kuuza nyumba, baba? Naye auze?"

Mzee akapiga goti lake kwa kiganja. "Hapana. Hapana."

Rasimu iliyoletwa na mwanawe mkubwa ilikuwa na neno kuuza kwenye mstari wa pili, katikati ya kukodisha na kukarabati, limetulia kama maneno mengine. Wakili alipanda juu akaandika upya. Aliporudi alimsomea mzee ukurasa mzima kwa Kiswahili, polepole, akisimama kila kifungu hadi aitikie. Karani akafuta jasho kwenye dole gumba la kushoto ili wino usitapakae, akalibonyeza kwenye pedi, kisha kwenye karatasi, mara moja, bila mtoto yeyote kumshika baba yake mkono. Mwishoni wakili akaandika kwamba hati ilisomwa na kuelezwa kwa Kiswahili, na kwamba mtoa mamlaka alionekana kuielewa kabla ya kuweka dole.

Nyumba ya mzee yule iliokolewa na maswali aliyoulizwa peke yake, watoto wakiwa mbali. Fomu iliyopakuliwa mtandaoni na kupigwa muhuri haraka isingemuuliza chochote. Ndiyo maana hati inayorudishwa nyumbani "ikiwa imeshagongwa muhuri" wakati mgonjwa hakuonana na wakili wala kamishna wa viapo haifai kitu. Hata kama nia ya aliyeipeleka ilikuwa njema, siku itakapobishaniwa mahakamani swali la kwanza litakuwa mtoa mamlaka alitia sahihi mbele ya nani.

Kosa linalotendeka zaidi ni kuudhani ulimi mzito kuwa akili nzito. Kiharusi kinaweza kumnyang'anya mtu maneno kikamwachia ufahamu wote. Kuna anayesikia kila kitu lakini akitaka kusema "ndiyo" linatoka neno jingine. Mtu kama huyo anaweza kutoa mamlaka, ila ushahidi wa kuelewa kwake uandaliwe kwa uangalifu zaidi: maswali yanayojibika kwa kutikisa kichwa, yaulizwe mara mbili kwa namna tofauti, picha za watoto ziwekwe mbele yake achague, na barua ya daktari aliyempima siku hizohizo iambatanishwe. Kwa asiyeona, hati isomwe yote na mtu asiye na faida ndani yake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 12 ya mkataba huo inasema watu wenye ulemavu ni sawa na wengine mbele ya sheria, na serikali ziwape msaada wanaouhitaji ili waitumie haki hiyo. Wakili kuteremka ngazi na kumfuata mteja kwenye bajaji ndiyo msaada wenyewe.

Na hati iwe kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini, lakini mawakili wengi bado wanachapa hati za uwakilishi kwa Kiingereza kwa sababu ndicho kiolezo walicho nacho kwenye kompyuta. Mama aliyefundisha darasa la tatu maisha yake yote anawekewa kurasa mbili asizozielewa, anaambiwa "weka hapa". Familia inayolipia kazi hiyo ina haki ya kusema: tuandikie kwa lugha anayoisoma mwenye mali. Kama benki au mtu aliye nje ya nchi atahitaji Kiingereza, tafsiri ifanywe baadaye.

Ndani ya hati, ufinyu ni usalama. Maneno "kufanya jambo lolote ambalo ningelifanya mimi mwenyewe" yanavutia kwa kuwa yanamaliza kazi kwa mstari mmoja, ila yanamweka mgonjwa mikononi mwa mtu mmoja katika kila kitu. Ni bora hati itaje akaunti ipi, kiasi gani kwa mwezi, nyumba ipi, kwa kukodisha au kukarabati tu, hadi tarehe gani. Mambo yasiyoruhusiwa yaandikwe pia waziwazi: kuuza, kuweka rehani, kutoa zawadi. Muda ukiisha na mgonjwa bado anaridhika, ataandika nyingine. Najua usumbufu wa kurudi kwa wakili kila mwaka, na gharama zake, lakini nauli ya bajaji ni ndogo kuliko kiwanja.

Pakiwepo ardhi iliyosajiliwa, hati ya uwakilishi hulipiwa ushuru wa stempu na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Anayeandika hati za namna hii kwa malipo awe wakili aliyesajiliwa, na jina lake lionekane kwenye hati kama mwandaaji. Hati isiyo na jina hilo inaweza kukataliwa kwenye usajili. Vishoka wanaozunguka kwenye korido za ofisi za ardhi na mahakama wanalijua hilo, ndiyo maana baadhi yao hughushi majina na mihuri ya mawakili. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili mtandaoni ambako mtu yeyote anaweza kuangalia kama wakili fulani yupo kwenye orodha. Jambo jingine linalosahaulika ni mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mume au mke. Hati aliyotoa baba haiwezi kumvusha mtoto juu ya ridhaa ya mama.

Na nani apewe? Desturi inamwelekeza kifungua mimba wa kiume. Mimi ningemtazama yule anayemnunulia mgonjwa dawa, anayejua siku za kliniki, ambaye hana deni linalomkimbiza. Aliye Uingereza au Omani ana fedha za kutuma lakini hawezi kuonana na mpangaji. Kazi yake inayomfaa ni kupokea hesabu. Hilo liandikwe ndani ya hati: kwamba kila mwisho wa mwezi mwakilishi atampa mtoa mamlaka hesabu, na nakala itakwenda kwa ndugu fulani. Daftari la hesabu na bahasha ya risiti humlinda mwakilishi kuliko yeyote, kwa sababu ni yeye atakayeulizwa.

Mgonjwa anaweza kuifuta hati wakati wowote akiwa na akili zake, na hapaswi kuomba radhi kwa mtu. Ila kufuta kwa mdomo hakutoshi. Kwa watu wa nje, mamlaka hukoma pale wanapopata habari. Benki ambayo haijaarifiwa itaendelea kumhudumia mwakilishi wa zamani kwa nia njema. Barua ya kufuta ifike benki, kwa mpangaji na kwa Msajili, na hati yenyewe irudishwe.

Linalonisumbua zaidi ya yote ni hali ya mgonjwa ambaye mwili umeanguka leo na akili itafuata kesho. Chini ya Sheria ya Mikataba, uwakala unakoma mtoa mamlaka anapopoteza akili. Kanuni hiyo imetoka kwenye Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, iliyotumika Tanganyika kabla hatujatunga yetu mwaka 1961, na sehemu yake ya uwakala inaongea lugha ya mfanyabiashara na wakala anayemnunulia na kumuuzia bidhaa. Kwa mfanyabiashara ina mantiki: tajiri akirukwa na akili, wakala asiendelee kumwingiza kwenye mikataba. Kwa mama aliyepata kiharusi cha kwanza, akaandika hati kwa uangalifu wote, kisha cha pili kikachukua ufahamu, kanuni hiyohiyo inaikata hati siku anayoihitaji kuliko siku zote. Familia nyingi zinaendelea kuitumia bila kujua kwamba imekufa, na maafisa wa benki hawaulizi.

England na Wales walikuwa na tatizo hilihili. Walilirekebisha kwanza kwa sheria ya 1985, kisha kwa Sheria ya Uwezo wa Akili ya 2005, ambayo tangu Oktoba 2007 imemwezesha mtu kutoa uwakilishi unaoendelea hata akili ikiondoka, mmoja kwa mali na mwingine kwa afya na matunzo, na hautumiki kabla haujasajiliwa kwenye ofisi ya serikali inayowasimamia wawakilishi hao. Afrika Kusini bado wako tulipo sisi: akili ikipotea, hati inakufa. Kwetu, njia iliyobaki ni kwenda mahakamani chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 kuomba msimamizi wa mali ateuliwe, kwa vyeti vya daktari, viapo na gharama za wakili, huku dawa za mwezi huu zikisubiri.

Naamini Bunge linapaswa kuziba pengo hilo, na Tume ya Kurekebisha Sheria ndiyo mahali pa kuanzia. Mtu aruhusiwe, akiwa na akili timamu, kutamka kwamba mamlaka aliyotoa yaendelee akipoteza ufahamu. Masharti yawe makali: ashuhudiwe peke yake, hati isajiliwe, mwakilishi awasilishe hesabu kwa chombo kinachoweza kumwita, na ndugu yeyote awe na pa kulalamika bila kufungua kesi. RITA, wakala wa serikali wa usajili, tayari inahifadhi wosia. Kuipa daftari la hati hizi si mzigo usiobebeka. Bila usimamizi huo hati ya kuendelea itakuwa hatari kuliko pengo lenyewe, kwa sababu mtoa mamlaka hatakuwa tena na uwezo wa kupiga goti na kusema hapana.

Mpaka hapo, hati iandikwe mapema, mgonjwa akiwa anaelewa, na familia ijue itakomea wapi. Kifo pia kinaikata, saa ileile. Kuna viwanja vilivyouzwa wiki moja baada ya maziko kwa karatasi ya marehemu, na wanunuzi wake wamejikuta mahakamani na warithi. Mwakilishi mwaminifu, mzazi akishafariki, hagusi tena akaunti wala mkataba wa mpangaji. Anafunga daftari la hesabu kwa tarehe ya kifo, anasubiri mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na kumkabidhi daftari, risiti na funguo kwa maandishi, hata kama msimamizi huyo ni ndugu yake anayelala naye nyumba moja.